Mbwa wa Kazi Huchaguliwa Angali Mdogo

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Kwa jembe maneno hayo ni kweli. Kwa mbwa si kweli hata kidogo. Jembe baya utalibadilisha ukipata fedha. Mbwa mbaya utakaa naye miaka kumi, atakula ugali wako kila siku, na usiku fisi akija yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kujificha.

Ndugu mkulima, katika mashamba ya makazi ya Bonde la Lambwe, na huko Ndhiwa, Suba, Nyatike na Kuria, maboma mengi yana mbwa. Kila mwenye mbwa husema kwamba anamfuga kwa kazi. Lakini ukimwuliza alimpataje, atajibu, "Nilipewa," au, "Nilimwokota njiani," au, "Watoto waliipenda rangi yake." Mtu huyo huyo akitaka kununua fahali, atatembea siku nzima, atauliza habari za mama yake, atamtazama miguu na mgongo. Kwa nini basi mlinzi wa mali yote achukuliwe bila kutazamwa?

Mwezi huu nataka kukueleza namna ya kuchagua mtoto wa mbwa atakayefaa kazi. Si jambo gumu, wala halihitaji fedha nyingi. Lahitaji macho, subira na gunzi moja la mahindi.

KOSA NILILOFANYA MIMI

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo. Kabla ya hapo nilisomea ualimu. Barua za chanjo ya mbwa na za mifugo iliyoliwa na wanyama zimepita mikononi mwangu mara nyingi. Hata hivyo, nilipohitaji mbwa wangu mwenyewe, nilifanya kama mtu asiyejua kusoma.

Nilimnunua sokoni, ndani ya kikapu. Alikuwa mnene, mweupe, mwenye doa jekundu juu ya jicho. Muuzaji alisema ana miezi miwili. Nadhani sasa hakuzidi majuma matano. Mama yake sikumwona. Nilimpeleka nyumbani, watoto wakafurahi, nami nikafurahi kwa kuwa nimefanya kazi ya haraka.

Mbwa huyo alikua akiogopa kila kitu. Radi ikipiga, alikimbilia chini ya ghala. Mgeni akija, alibweka kwa mbali huku mkia uko kati ya miguu. Siku moja mtoto wa jirani alimkanyaga mkia bila kukusudia, naye akamwuma mguuni. Tuliosha jeraha kwa sabuni, tukampeleka hospitali, naye akachomwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa kwa safari kadhaa. Nilikwenda kwa jirani kuomba radhi, na njia ile fupi iliniwia ndefu.

Mwaka huo huo fisi aliingia zizini usiku wa mvua, akaua mbuzi majike wawili wenye mimba. Mbuzi hao ndio waliokuwa karo ya binti yangu. Mbwa wangu hakubweka hata mara moja. Asubuhi tulimkuta chini ya ghala, mkavu, wala tope halikumgusa.

Sikumlaumu mbwa. Yeye hakuniomba nimnunue. Kosa lilikuwa la mchaguzi.

KWANZA, JUA KAZI UNAYOTAKA

Mbwa mmoja hawezi kazi zote. Kabla ya kwenda kutazama watoto, kaa na watu wa nyumbani mwako mkubaliane juu ya kazi moja iliyo kubwa. Katika nchi yetu hii kazi ni hizi:

1. Kukaa na mbuzi na kondoo, mchana malishoni na usiku zizini, ili fisi na chui wasiwasogelee.

2. Kulinda boma usiku na kuamsha wenyeji.

3. Kufukuza nyani na tumbili katika mahindi.

4. Kufuatana na mchungaji na kumsaidia kurudisha ng'ombe.

Mbwa wa mbuzi awe mtulivu. Akiwa mwepesi wa kukimbiza kila kitu, atawakimbiza mbuzi wenyewe. Mbwa wa nyani, kinyume chake, awe mchangamfu, apende kukimbia na kufuata. Mbwa wa boma awe mwenye masikio na moyo, lakini asiwe mkali ovyo, maana watoto na wageni hupita hapo kila siku. Mbwa wa mchungaji apende kumsikiliza mtu.

Kuwinda sikukuandika katika orodha, na sababu yafaa uijue. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza kuwinda wanyama wa porini. Wakulima wa Lambwe wanapakana na Mbuga ya Taifa ya Ruma, ambayo ndiyo makao ya mwisho ya korongo wa porini katika Kenya. Mbwa anayeingia mbugani na kukimbiza korongo au taya humtia mwenyewe mashakani. Basi usichague mtoto kwa sababu baba yake ni mwindaji hodari. Utakuwa unanunua kesi.

MAMA NDIYE CHETI

Ualimu ulinifundisha kutazama cheti cha mtu kabla ya kumpa kazi. Mtoto wa mbwa hana cheti. Cheti chake ni mama yake, na baba pia akijulikana.

Wenzetu wa nchi nyingine walilijua jambo hili zamani. Mwaka 1873, katika mji wa Bala nchini Wales, yalifanyika mashindano ya mbwa wachungaji mbele ya watu wengi. Mbwa alitumwa kuwaleta kondoo na kuwaingiza katika zizi dogo, na mbwa aliyeitwa Tweed ndiye aliyeshinda. Tangu hapo mashindano ya namna hiyo yameenea nchi nyingi, na mengine yameongezwa, kama vile kufuata nyayo za mtu na kutii amri. Washindani hao, wakitaka mtoto wa mbwa, huuliza kwanza, "Wazazi wake wanafanya kazi gani, na wanaifanyaje?"

Nawe fanya hivyo. Mtembelee mama wa mbwa wakati wa kazi yake, usimtazame amelala tu. Kama unataka mbwa wa mbuzi, nenda jioni mbuzi wakirudi. Je, anatembea kati yao, au anawauma miguu? Mbuzi wanamkubali, au wanatawanyika wakimwona? Uliza pia kama anakula mayai, kama anakimbiza kuku, na kama amewahi kumwuma mtu. Usimwulize mwenyewe tu. Waulize jirani, maana mwuzaji hasemi kwamba maziwa yake yamechacha.

Mama anayekubwekea ukija, kisha mwenyewe akimwambia "nyamaza" akanyamaza, huyo ni mzuri. Mama anayetetemeka na kujificha, au anayekurukia ingawa mwenyewe yupo, mwachie mwenyewe, pamoja na watoto wake wote.

Wako watu wanaodhani kwamba mbwa wa kazi lazima atoke Ulaya. Si kweli. Huko Botswana, wafugaji wanaosumbuliwa na chui na duma hutumia mbwa wa kienyeji wa Kitswana kulinda mbuzi, na wataalamu waliowalinganisha na mbwa wa kigeni waliona kwamba wale wa kienyeji wanafaa vizuri sana. Mbwa wetu wa kienyeji ni wa namna hiyo hiyo. Huvumilia jua, hula chakula chetu, na hupatikana karibu.

Na jike? Watu wengi hulikataa kwa sababu litaleta mbwa wa kijiji kizima. Lakini jike hulinda sawa na dume. Ukiogopa watoto wengi, daktari wa mifugo aweza kulifunga kizazi.

UMRI: HESABU MAJUMA

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Mtoto wa mbwa huzaliwa hasikii wala haoni. Macho hufunguka baada ya majuma mawili hivi, na masikio yapata juma la tatu. Kuanzia juma la tatu mpaka lapata la kumi na mbili, akili yake i wazi kama mlango. Watu, mbuzi, kuku, watoto, sauti za sufuria na pikipiki, chochote anachokizoea wakati huo hatakiogopa ukubwani. Baadaye mlango huo huanza kufunga.

Jambo hili lilichunguzwa kwa miaka mingi na John Paul Scott na John Fuller huko Bar Harbor, Marekani, nao wakalieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965. Mbwa waliokua bila kukutana na watu katika majuma hayo walikuwa kama wanyama wa porini, na kuwafuga baadaye kulikuwa taabu kubwa.

Basi kuna makosa mawili. Kosa la kwanza ni kumchukua mtoto mapema mno. Anyonye na kucheza na ndugu zake mpaka majuma manane. Ndugu zake humfundisha kuuma kwa kiasi, maana akiuma sana, mwenziwe hulia na mchezo huisha. Mbwa wangu wa sokoni hakupata somo hilo. Kosa la pili ni kumchukua mbwa wa miezi mitano aliyefungwa nyuma ya nyumba tangu kuzaliwa, asiyejua mtu wala mbuzi.

Usikubali kuambiwa umri kwa maneno tu. Mama wa mbwa wa jirani akizaa, andika tarehe ukutani au katika kalenda. Nenda umtazame mtoto juma la nne, juma la sita na juma la nane. Safari tatu za miguu ni bei ndogo kwa mlinzi wa miaka kumi.

MAJARIBIO SITA

Siku ya kuchagua, nenda asubuhi, watoto wakiwa wamelala na kuamka, wala hawajashiba sana. Mchukue mmoja mmoja, mpeleke mahali asipopajua, mbali na mama na ndugu zake. Fanya hivi:

La kwanza, kuita. Chuchumaa, piga makofi polepole. Anayekuja mkia ukiwa juu anapenda watu. Anayekuja akitambaa, tumbo chini, ana woga kidogo. Asiyekuja kabisa mwache.

La pili, kufuata. Simama uende zako bila kumwita. Anayekufuata atakuwa msikivu. Anayekwenda njia yake si mbaya kwa kazi ya mbuzi, lakini hafai kwa mchungaji.

La tatu, kushika. Mlaze chali kwa upole, mkono wako juu ya kifua chake, uhesabu thelathini. Mtoto mzuri hujitupa kidogo, kisha hutulia. Anayepigana na kuuma mpaka mwisho atamshinda mtu asiye na uzoefu. Anayelegea na kujikojolea ni mwoga.

La nne, sauti. Mtu mwingine aangushe kifuniko cha sufuria, hatua chache kutoka kwake. Hili kwangu ndilo jaribio kubwa. Kushtuka si kosa. Hata wewe utashtuka. Tazama anafanya nini baadaye. Akienda kukinusa kifuniko, mtake huyo. Akikimbia asirudi, mwache. Asipogeuka kabisa, huenda hasikii.

La tano, gunzi. Mwonyeshe gunzi la mahindi, lichezeshe, kisha litupe karibu. Akilifuata na kulichukua, na hasa akirudi nalo kwako, ana moyo wa kufanya kazi pamoja na mtu. Clarence Pfaffenberger, aliyesaidia kuchagua mbwa wa kuongoza vipofu huko San Rafael, California, alilitumia jaribio la namna hii na kuliheshimu sana. Kwa mbwa wa nyani na wa mchungaji, alama za hapa zihesabiwe mara mbili.

La sita, mbuzi. Kama ni mbwa wa zizi, mweke karibu na mbuzi mpole, wewe ukisimama hapo. Anayenusa, kuinamisha kichwa na kulala chini afaa. Anayeng'ang'ania masikio ya mbuzi mpeleke kazi nyingine.

Usitafute mtoto aliye wa kwanza katika yote. Yule anayewapanda ndugu zake wote mgongoni na kuwanyang'anya chakula hupendwa na watu, wakisema, "Huyu ni simba." Mara nyingi simba huyo atataka kuwa mkuu wa boma lako. Wala usimchukue kwa huruma yule aliyejikunja pembeni. Kwa mkulima wa kawaida, yule wa katikati ndiye mwenye faida.

TAZAMA MWILI

Fungua kinywa. Fizi ziwe nyekundu kidogo, si nyeupe. Meno ya juu na ya chini yakutane vizuri. Macho yawe safi, masikio yasinuke, kitovu kisiwe na uvimbe. Tumbo kubwa juu ya mbavu nyembamba ni minyoo, si shibe. Dawa ipo, lakini ijulikane kabla ya bei. Mtazame akitembea, mbele na nyuma.

Ninyi mlio karibu na mbuga ya Ruma, ambako mbung'o wapo, mtazameni mama pia. Mbwa aweza kupata nagana kama ng'ombe. Akiwa amekonda, ana homa, na macho yamefunikwa na ukungu mweupe, mwiteni Bwana Mifugo upesi.

MAJARIBIO SI UAGUZI

Sitaki kukudanganya. Mtoto aliyefaulu majaribio yote aweza kuharibika mikononi mwa mfugaji mvivu. Majaribio hukuondolea wale wasiofaa. Kazi ya kumfanya afae ni yako. Samaki mkunje angali mbichi.

Ukifika nyumbani, anza siku hiyo hiyo. Mbwa wa mbuzi alale zizini na mbuzi wapole, apewe chakula chake hapo, na watoto wasimgeuze kitu cha kuchezea jikoni. Mbwa wa boma akutanishwe na wageni, wazee wenye fimbo, baiskeli na ng'ombe. Mlishe kila siku, maana mbwa mwenye njaa huenda machinjioni au mbugani, na hapo hulindi kitu.

Akifika miezi mitatu achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, na chanjo irudiwe kila mwaka. Ugonjwa huu ulithibitishwa katika Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, na bado unaua. Serikali imekusudia kwamba ifikapo mwaka 2030 pasiwe na mtu anayekufa kwa kuumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za ugonjwa zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna wa kupona.

MBWA WANGU WA PILI

Baada ya yale ya fisi, nilikwenda kwa mama mmoja mjane, jirani yetu, ambaye sisi sote humwita Dani, yaani bibi. Mbwa wake jike hulala katikati ya mbuzi kama mmoja wao. Nilimweleza shida yangu. Akacheka, akasema, "Karani, wewe husoma barua nyingi. Lakini mbwa hasomwi rangi."

Nilingoja miezi mitano mpaka mbwa wake alipozaa. Nilikwenda mara tatu. Siku ya mwisho niliangusha kifuniko cha sufuria. Watoto watatu walikimbia. Mmoja, wa rangi ya matope, mwenye sikio moja lililolala, alishtuka, akasimama, kisha akaenda kukilamba. Watoto wangu walimtaka mwingine aliye mzuri. Nilikataa.

Sasa ana miaka mitatu. Fisi wangali wanalia usiku ng'ambo ya mto, naye huinuka, hubweka, huzunguka zizi, nasi hutoka na taa. Tangu alipokua hatujapoteza mbuzi usiku. Sisemi kwamba hatutapoteza kamwe. Zizi letu pia tulilijenga upya kwa miba na milingoti. Lakini binti yangu yumo shuleni, na mtoto wa jirani, yule aliyeumwa, hupita kwetu bila kuokota jiwe.

MASWALI YA KUJIULIZA KABLA YA KULIPA

Kata sehemu hii uitie mfukoni.

1. Kazi yake kubwa ni ipi?

2. Nimemwona mama yake akifanya kazi hiyo?

3. Nimewauliza majirani?

4. Ametimiza majuma manane, na nimeihesabu mimi mwenyewe?

5. Kifuniko kilipoanguka, alifanya nini?

6. Fizi, macho, kitovu na miguu ni salama?

7. Nina chakula cha kumpa kila siku, na nimejua chanjo itatolewa wapi?

Ukiwa na jibu jema kwa yote saba, mchukue. Ukikosa jibu hata la moja, rudi nyumbani ungoje mzao mwingine. Mbwa huzaa tena, lakini mbuzi aliyeliwa harudi zizini.